Darasa la Vijana si Mahali pa Kushindia

"Mwalimu, huyu keshakuwa mkubwa, akili imeshafunga. Tunaomba tu apate pa kushinda sisi tukiwa kazini." Maneno haya husemwa Ngamiani, husemwa Chumbageni na Pongwe, hapa Tanga, na Januari ndiyo husemwa zaidi, wakati wa kuandikisha vijana wenye ulemavu wa akili au usonji. Msemaji hana nia mbaya. Lakini dhana yenyewe ndiyo inayotuharibia vijana wengi kuliko ulemavu wanaokuja nao.

Ukweli ni kwamba kijana mwenye ulemavu wa akili au usonji huendelea kujifunza akiwa na miaka 15, 18, hata 22. Kinachotakiwa kubadilika ni kinachofundishwa. Kama yuko mwaka wa tisa anaandika a, e, i, o, u na bado haijakaa, kosa ni letu tuliong'ang'ania daftari. Umri huu ni wa fedha, safari, usafi wa mwili na kazi ya mikono.

Chukua fedha. "Hajui hesabu, atapunjwa." Kununua hakuhitaji kujua hesabu za kutoa. Mfundishe kusikiliza elfu tu, kisha aongeze noti moja. Nyanya 1,500: elfu moja, ongeza moja, anatoa noti mbili. Samaki 3,400: noti nne. Sukari ya 800 haina elfu, kwa hiyo noti moja. Bei ikiwa 2,000 kamili atatoa tatu na muuza atamrudishia moja, hakuna aliyekufa. Anza na noti za 1,000 peke yake kwa wiki kadhaa. Zile kubwa zije baadaye, kwa picha: asiyesoma namba humsoma simba kwenye 2,000, faru kwenye 5,000 na tembo kwenye 10,000. Na tumia fedha halisi, tafadhali. Fedha ya kuchora hufundisha kuchora.

Hukwama wapi? Kwanza, anaweza darasani, akifika soko la Mgandini anaduwaa. Hasa mwenye usonji, ujuzi hushikamana na mahali alipoupatia. Akifaulu darasani mpeleke duka la jirani, kisha genge, kisha sokoni, kwa wauzaji tofauti. Pili, haraka ya mkubwa. Ukishatoa agizo, hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kusaidia. Ikibidi, anza na ishara, kisha neno, mkono uwe wa mwisho. Ukianza na mkono, kesho atakaa akiusubiri. Tatu, na hili ndilo linaloudhi: nyumbani anatumwa mdogo wake "kwa sababu ni mwepesi". Likizo nzima ya Desemba kijana hajashika hata mia, halafu tunaulizwa mbona amesahau.

Kazi ndefu huvunjwa vipande. Kufua shati kuna hatua nane: kuloweka, kupaka sabuni, kufikicha kola, kufikicha kwapa, suuza ya kwanza, suuza ya pili, kukamua, kuanika. Mwanzishe mwishoni. Mama afanye saba, kijana aanike. Akiiweza hiyo, akamue na kuanika, mkirudi nyuma hivyo hivyo. Kila siku anamaliza akiliona shati kwenye kamba, na hiyo kamba hufanya kazi kuliko pipi.

"Akifundishwa mambo ya mwili ataharibika." Kinyume chake. Asiyejua kutaja sehemu zake za siri hawezi kueleza aliyemshika wapi. Kwa msichana, anza kabla ya hedhi ya kwanza, na tia alama ya uzi wa rangi ndani ya chupi pale pedi inapokaa.

"Kifafa chake ni jini." Ni ugonjwa. Dawa yake ni ya kila siku, na kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Likizidi dakika tano, hospitali. Kijiko mdomoni, hapana.

"Mtihani wa taifa hauna nafasi yao." Si wote watakaoufanya, lakini watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa masomo mengine, na mwenye uoni hafifu huletewa maandishi yaliyokuzwa. Mwambieni mkuu wa shule wakati wa usajili. Wiki ya mtihani mmechelewa.

"Nani atamwajiri?" Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Hatakuja mlangoni kwenu, itabidi mmfuate. Halmashauri nazo hutenga asilimia 2 ya mapato yao ya ndani kuwakopesha watu wenye ulemavu, bila riba. Ni mkopo, hurudishwa, kwa hiyo mtu asiende kuuomba kama sadaka. Na siku ya kwenda kuuliza, nendeni na kijana mwenyewe. Nauli ya daladala alipe yeye.