Ratiba za treni na vita ya 1914: ushindani wa madola ulipokosa breki

Wengi tumefundishwa kwamba Vita Kuu ya Kwanza ilianza kwa risasi za Gavrilo Princip, aliyemuua mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria, Franz Ferdinand, mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Mauaji hayo yaliwasha mgogoro, lakini hayaelezi kwa nini ugomvi wa Austria na Serbia uliziingiza Urusi, Ujerumani, Ufaransa na Uingereza vitani ndani ya siku 37. Ushindani peke yake nao hautoshi kuwa jibu. Ujerumani na Uingereza zilishindana kuunda manowari kwa miaka mingi bila kupigana, na migogoro ya Morocco ya 1905 na 1911 ilimalizwa mezani.

Tatizo ni kwamba kila mgogoro uliomalizwa uliacha kinyongo. Mwaka 1909 Urusi ililazimika kukubali Austria iichukue Bosnia, na viongozi wake wakaona hawawezi kurudi nyuma mara ya pili. Ujerumani nayo ilikuwa ikiutazama mpango wa Urusi wa kupanua jeshi, uliotarajiwa kukamilika 1917, na wakuu wa jeshi mjini Berlin wakawa wanasema kama vita haikwepeki, heri ije mapema. Kwa maoni yetu, hofu hiyo ilikuwa mbaya kuliko tamaa yoyote ya ardhi. Dola inayoamini kwamba kesho itakuwa dhaifu haina subira ya mazungumzo.

Kisha kuna treni. Kuita askari wa akiba na kuwapeleka mpakani kulipangwa miaka kadhaa kabla, kwa saa na dakika. Kikosi kikuu kimoja cha Ujerumani kilihitaji treni 140. Mpango wa Ujerumani ulikuwa kuishinda Ufaransa, mshirika wa Urusi, kwa takriban wiki sita, kisha kuwahamishia askari mashariki kabla Urusi haijakamilisha kukusanya jeshi lake. Kwa hiyo kila siku ambayo Urusi ilitangulia kukusanya askari ilikula muda wa Ujerumani. Tsar Nicholas II, mfalme wa Urusi aliyeiunga mkono Serbia, alijaribu kuita sehemu tu ya jeshi, dhidi ya Austria peke yake. Majenerali wake wakamwambia hatua hiyo ingevuruga mpango mzima. Tarehe 30 Julai akaidhinisha jeshi lote liitwe.

Berlin mambo yalikuwa magumu zaidi. Tarehe 1 Agosti Kaizari Wilhelm II, akidhani Uingereza ingeizuia Ufaransa isiingie, aliagiza jeshi lote lielekezwe Urusi. Mkuu wa majeshi, Moltke, alijibu kwamba haiwezekani. Mpango wa kuelekea mashariki peke yake ulikuwa umeachwa mwaka 1913. Zaidi ya hapo, mpango uliobaki ulidai ngome za Liège, nchini Ubelgiji, zitekwe siku za mwanzo kabisa, kwa kuwa reli za kuingia Ufaransa zilipita hapo. Maana yake, kwa Ujerumani kuita jeshi na kuvamia nchi jirani lilikuwa jambo moja. Nchi nyingine ziliweza kukusanya askari na bado zikaendelea kuzungumza.

Makataa nayo yalikuwa mafupi mno: Austria iliipa Serbia saa 48, na Ujerumani ikazipa Urusi saa 12 na Ubelgiji saa 12. Muda huo hautoshi hata kusubiri majibu ya simu za maandishi kutoka miji mikuu mingine. Ubelgiji ilipovamiwa tarehe 4 Agosti, Uingereza, iliyokuwa imeahidi kuulinda uhuru wake kwa mkataba wa 1839, ikaingia.

Siku nne baadaye vita ilikuwa imefika pwani yetu. Gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, Heinrich Schnee, alitaka koloni lake lisiingizwe vitani, akiegemea mkataba wa Berlin wa 1885 uliotoa nafasi hiyo kwa maeneo ya bonde la Kongo na jirani zake. Haukusaidia. Dar es Salaam ilikuwa na mtambo wa redio ulioweza kuwasiliana na manowari ya Königsberg, iliyokwisha kutoka bandarini tarehe 31 Julai, na Uingereza isingeuacha ufanye kazi. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza, Astraea, ikaupiga mtambo huo mizinga.