Jengo Moja la Michezo, Timu za Chuo na Wanafunzi Wengine

Kazi yangu ni kupanga ratiba ya jengo la michezo katika chuo kidogo kaskazini mwa Marekani, kilichopo Divisheni ya Tatu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Vyuo vikubwa mara nyingi huwajengea wanamichezo wao kumbi zao. Sisi tuna jengo moja tu, la timu za chuo, la ligi za wanafunzi na la wafanyakazi.

Kinachogombewa hasa ni saa. Vipindi vikiisha mnamo saa kumi alasiri, kila mtu anautaka ukumbi kabla ya chakula cha jioni. Februari ndiyo ngumu kuliko miezi yote: mpira wa kikapu uko ukingoni mwa msimu, na besiboli na softiboli zimekimbia theluji zikaingia ndani. Ligi za wanafunzi hubaki na saa nne usiku. Wala siwezi kupata nafasi kwa kuzisukuma timu za wanawake, kwani sheria ya Title IX ya mwaka 1972, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, inataka usawa hadi kwenye saa za mazoezi. Ni sheria ninayoiheshimu kwa moyo wote.

Bwawa lina ugumu wake. Muogeleaji wa mashindano anataka maji ya nyuzi 26 au 27, maana mwili wake huchemka akiwa kazini. Anayejifunza kuogelea, au mwalimu mstaafu mwenye magoti yanayouma, hutetemeka humohumo. Yeye anahitaji 29 au zaidi. Malaki ya lita za maji hayapashwi joto ndani ya saa moja, kwa hiyo anayepanga nyuzi amekwisha kuamua bwawa ni la nani, hata ratiba iseme ni la wote.

Na katika vyuo vingi vya hapa, majengo haya yanaendeshwa kwa ada ya wanafunzi wote. Ndiyo maana nashikilia kwamba saa iliyochukuliwa nje ya makubaliano irudishwe wiki ileile, tena jioni, si alfajiri. Na kocha akiona jua limetoka akaamua kufanyia mazoezi nje, atuarifu kabla ya adhuhuri. Ukumbi uliowekewa timu halafu ukakaa mtupu, wanafunzi wakichungulia kwa kioo cha mlango, unaniuma kuliko mechi yoyote.