Chumvi ya kuogea na adui wake, unyevu

Chumvi ya kwanza niliyowahi kumwuzia mtu ilinirudia ikiwa jiwe. Mteja alinieleza kwa upole kwamba alijaribu kijiko, akajaribu kisu, mwishowe akamimina maji ya moto ndani ya chupa na kuogea kilichoyeyuka. Nilimrudishia pesa zake, nikabaki na chupa nikiitazama. Kuchanganya chumvi ile kulinichukua dakika ishirini. Kuizuia isinywe maji kwa miezi mitatu, hiyo ndiyo kazi ambayo sikuifanya. Tangu siku hiyo, kila ninachochagua, kuanzia aina ya chumvi hadi kifuniko, hupimwa kwa swali moja: unyevu utapitia wapi?

Jibu la kwanza ni la kushangaza kidogo: maji yamo ndani tayari. Chumvi ya Epsom, ambayo wengi wetu huifanya msingi wa mchanganyiko, si chumvi ya mezani bali ni magnesiamu salfeti. Jina limetokana na mji wa Epsom, Uingereza, ambako maji machungu ya chemchemi yalisifika kwa kuharisha. Mwaka 1695 daktari Nehemiah Grew aliiandikia chumvi hiyo kitabu kizima. Katika punje zake, kila molekuli ya magnesiamu salfeti imefungamana na molekuli saba za maji. Ukipiga hesabu, zaidi kidogo ya nusu ya uzito unaonunua ni maji. Punje ni kavu mkononi kwa sababu maji hayo yamefungwa, lakini ukiipasha moto yanaanza kuachia, hata kabla joto halijafika mbali juu ya nyuzi 50 za Selsiasi. Najua kwa sababu niliwahi kuiingiza kwenye oveni nikidhani naikausha. Ilitoka ukoko mweupe juu, uji chini.

Chumvi ya bahari ya chenga ni kinyume chake. Hiyo unaweza kuitandaza kwenye sinia na kuikausha kwa moto mdogo bila wasiwasi, na ninashauri ufanye hivyo, hasa ile isiyosafishwa sana. Sodiamu kloridi safi, yaani chumvi ya mezani yenyewe, haivuti unyevu kwa pupa. Inayovuta ni magnesiamu kloridi inayobaki ndani yake. Ndiyo maana chumvi ya Bahari ya Chumvi, ambayo imejaa magnesiamu kloridi, husumbua kuliko zote. Nzuri ni nzuri, lakini ukiiacha wazi usiku mmoja mahali penye unyevunyevu, asubuhi unaikuta imelowa. Mimi niliacha kuitumia. Chumvi ya waridi ya mawe haina shida hiyo. Rangi yake ni chembe za chuma tu, na punje zikiwa kubwa mno huchelewa kuyeyuka na kumchoma mtu anapokaa.

Kwa kilo moja mimi hutumia gramu 600 za chumvi ya Epsom, gramu 300 za chumvi ya bahari iliyokaushwa na kupozwa kabisa, na gramu 100 za bekingi soda iliyochekechwa. Bekingi soda hunisaidia kubeba mafuta, nitakavyoeleza. Asidi ya sitriki siiweki. Najua watu wanapenda povu, lakini asidi na bekingi soda zikikutana penye unyevu kidogo tu hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo ikikosa pa kutokea ndani ya chupa iliyofungwa barabara, kifuniko hubinuka au kuruka. Anayetaka povu atengeneze mabomu ya kuogea, yale madonge yanayotoa povu majini. Ni ufundi mwingine.

Sasa mafuta tete, yaani yale ya harufu. Hapa ndipo ninapotofautiana na maelezo mengi yanayozunguka mitandaoni. Utaambiwa udondoshee matone juu ya chumvi, kwamba chumvi “itayasambaza” majini. Haisambazi kitu. Chumvi inayeyuka, mafuta yanabaki yakielea juu ya maji, na yanapoelea yanagusa ngozi yakiwa makali kama yalivyotoka kwenye kichupa. Lavenda pengine itakusamehe. Mdalasini na karafuu havisamehi, na mnanaa ukiuzidisha mtu hutetemeka kwa baridi ndani ya maji ya moto. Mafuta ya mdalasini na ya karafuu siyaweki kabisa.

Kinachosaidia ni kiunganishi kinachokubali maji na mafuta kwa pamoja. Mimi hutumia polisobeti 20, gramu 20 kwa gramu 5 za mafuta tete. Navichanganya hivyo viwili kwanza kwenye kikombe kidogo, kisha navisugulia ndani ya bekingi soda kwa vidole vilivyovaa glavu hadi madonge yaishe, halafu ndipo naingiza chumvi. Bekingi soda ni laini, hunywa mafuta sawasawa. Ukiyamimina moja kwa moja kwenye punje kubwa, nusu yake hubaki chini ya bakuli. Gramu 5 kwa kilo ni nusu asilimia. Mtu akitumia gramu 100 kwenye hodhi la kuogea, anaoga na nusu gramu ya mafuta tete, na hiyo inatosha. Wengine hutumia mafuta ya lozi au ya nazi badala ya polisobeti. Hayo yanapunguza ukali, ila bado yanaelea, na hodhi linateleza vibaya sana. Ukiyatumia, mwonye mteja.

Rangi na maua nitayapita haraka, kwa kuwa siyapendi. Rangi ya maji huyeyusha chumvi unapoichanganya. Unga wa maika, yale madini ya kumetameta, unameta vizuri chupani, kisha unaacha mstari kwenye ukuta wa hodhi. Petali zilizokauka hugeuka kahawia na kuziba bomba, na vichipukizi vya lavenda vikielea hufanana na kitu usichotaka kukiona bafuni. Anayeng'ang'ania maua ayafunge kwenye kifuko cha kitambaa.

Baada ya kuchanganya, usifungashe siku hiyohiyo. Itandaze chumvi kwenye sinia, uifunike kwa kitambaa safi, uipindue mara mbili tatu kwa siku nzima katika chumba kikavu. Kisha kamata kiganja kimoja uminye. Ikibaki donge, subiri.

Chupa za kioo zenye mdomo mpana ndizo za kwanza kupendwa, na kwa haki. Tatizo ni vifuniko. Vya bati hushika kutu, kwa sababu chumvi na bati havijawahi kuelewana. Chagua vya plastiki, au vyenye utando mzima ndani. Vizibo vya koki vinapendeza pichani lakini vinapitisha hewa. Mifuko ya karatasi tupu hufaa kwa siku mbili tatu tu. Plastiki ngumu aina ya polistirini hupasuka ikikutana na mafuta tete. Mifuko yenye utando wa alumini ndani, inayozibwa kwa joto, inazishinda zote kwa kuzuia unyevu, ingawa haina sura.

Jaza kwa mizani, si kwa macho. Chupa ileile huchukua uzito mwingi zaidi wa punje ndogo kuliko kubwa. Igongegonge juu ya taulo iliyokunjwa wakati wa kujaza, la sivyo chumvi itashuka njiani na mteja atadhani umempunja.

Kwenye lebo naandika uzito wa chumvi bila chupa, viungo vyote kuanzia kilicho kingi, tarehe, namba ya mkupuo (chumvi yote iliyochanganywa kwa pamoja), kipimo cha kutumia, na maneno haya: si ya kuliwa, usitumie penye jeraha. Mjamzito, au mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo, aulize daktari kwanza. Siandiki kwamba inaponya chochote. Madai kwamba magnesiamu hupenya ngozi kwa wingi wa maana hayana ushahidi wa kuridhisha. Maji ya moto, harufu nzuri na mlango uliofungwa vinatosha kumpumzisha mtu.

Siku hizi nauza zaidi vifuko vya gramu 100, kimoja kwa kuoga mara moja. Niligundua kwamba chupa nyingi haziharibikii kwangu wala njiani. Zinaharibikia bafuni, pale mtu anapoifungua katikati ya mvuke na kuingiza mkono uliolowa. Kwa wanaotaka chupa, natia kijiko cha mbao ndani na kuwaomba waiweke nje ya bafu. Na kwa kila mkupuo, chupa moja haiuzwi: inakaa kwenye rafu ya bafu langu, na kila asubuhi baada ya kuoga naifungua kwa dakika moja nikaifunga tena. Ya mwezi huu ina siku ishirini na sita, na jana ilianza kushikana pembeni.