Kripto ikianguka, ujuzi hauanguki nayo

Imesemwa sana kwamba anayefanya kazi kwenye kampuni ya kripto, yaani sarafu za kidijitali, hajifunzi chochote cha kutumia kwingine. Bei zikiporomoka, anabaki mikono mitupu. FTX, soko kubwa la kripto, ilipofilisika Novemba 2022, dhana hiyo ilizidi kushika mizizi.

Tuangalie kazi yenyewe. Mwaka 2019 FATF, chombo cha kimataifa kinachoweka viwango vya kupambana na utakatishaji fedha, kilizitaka kampuni hizi zifuate masharti yanayofanana na ya benki: kumtambua mteja, kutunza kumbukumbu, kuripoti miamala ya kutiliwa shaka. Aliyezoea kazi hiyo anaweza kuifanya kwenye benki, au kwa watoa huduma za pesa kwa simu.

Waandishi wa programu nao wana cha kubeba. Rust, lugha ya programu inayotumika kwenye mtandao wa kripto wa Solana, iliingia Desemba 2022 kwenye kiini cha Linux, mfumo endeshi wa kompyuta usio wa kripto. Lugha nyingine, Solidity, imefungamana zaidi na mtandao wa kripto wa Ethereum, ila jicho la kuona mianya ya usalama halina mipaka hiyo.

Kupigia debe sarafu kwenye Telegram ni jambo jingine, ingawa wapo wanaoliita taaluma. Na kwenye wasifu, “mtaalamu wa kripto” haimwambii mwajiri kitu. “Nilikagua miamala na kuandaa ripoti” anaielewa mara moja.