Sungura Si wa Watoto Peke Yao

Kila muhula nikianza kufundisha hurafa, yaani hadithi za wanyama, hapa Nairobi, huwauliza wanafunzi wangu ni lini waliposoma kisa cha wanyama kwa mara ya mwisho. Jibu huwa lile lile: shule ya msingi, Sungura na Fisi. Tumekubaliana, bila mtu kutuamuru, kwamba mnyama akisema kitabuni basi kitabu hicho ni cha mtoto. Nalipinga hilo kwa riwaya moja, Watership Down ya Mwingereza Richard Adams, iliyotoka mwaka 1972.

Adams alikuwa mtumishi wa serikali. Kisa hiki aliwasimulia binti zake wawili garini, katika safari ndefu, nao ndio waliomshikilia akiandike. Asili yake basi ni simulizi ya mdomo, kama ngano zetu. Na humo ndani sungura wenyewe wana paukwa-pakawa yao: humsimulia El-ahrairah, babu yao mjanja mwenye maadui elfu. Aliyelelewa na Sungura wetu atamtambua mara moja. Hata lugha yao inapendeza sikio. Gari wanaliita hrududu, tanakali ya sauti kama pikipiki yetu.

Lakini Sungura wetu hujiokoa yeye. Akishamhadaa Fisi na kukimbia, hadithi imekwisha. Hazel, sungura kiongozi katika riwaya hii, ana kundi zima mgongoni, sungura wenzake waliohama kutafuta makao mapya. Wanafika mto Enborne, mbwa amefunguliwa msituni, na wadogo wawili, Fiver na Pipkin, hawana nguvu za kuogelea. Bigwig mwenye misuli anataka wanaoweza wavuke. Hazel anakataa kuwaacha wawili wale. Ndipo Blackberry anapoona kipande cha ubao ukingoni na kufikiri kwamba kinaelea. Hazel mwenyewe haelewi anachoambiwa, ila anamwamini mwenzake. Wadogo wanapandishwa, Bigwig anausukuma ubao kwa pua hadi ng'ambo. Sijui mfano bora wa uongozi kuliko huo: kutojua, na kumwachia nafasi anayejua.

Safari yenyewe ilianza kwa ubao mwingine, tangazo la watu wanaotaka kujenga nyumba mahali pale. Sungura hawajui kusoma. Fiver anaona tu, kama katika njozi, shamba limetapakaa damu, na mkubwa wao anampuuza. Mkazi wa Nairobi hahitaji kufafanuliwa hapo. Ameona herufi X ya rangi nyekundu ikipakwa ukutani, na Mei 2024 aliona tingatinga zikibomoa nyumba kando ya mito, Mathare na Mukuru.

Sehemu ninayomsihi mtu mzima aisome polepole ni sura ya 12 hadi ya 17. Wasafiri wamechoka, wamelowa, na wanakaribishwa na sungura wanene, wenye manyoya yanayong'aa na adabu nyingi. Chakula kipo bure: karoti zinatupwa shambani na binadamu. Adui hawaonekani. Mashimo mengi ni matupu, ajabu, lakini hakuna anayeruhusiwa kuuliza fulani yuko wapi. Wala hadithi za El-ahrairah haziwavutii, kwao za kizamani. Ukweli unajulikana Bigwig anaponaswa shingo na kitanzi cha waya. Mkulima anawalisha ili awavune, nao wamelijua hilo siku zote.

Nilipoisoma riwaya hii nikiwa kidato cha pili, niliyemwogopa ni Jenerali Woundwort, dikteta wa Efrafa, makao mengine ya sungura. Niliporudi kuisoma nikiwa na watoto na mkopo, zile karoti ndizo zilizoninyima usingizi. Mtoto huona waya, naye mtu mzima huona pia ule ukimya wa mezani, kwa kuwa amewahi kuukalia.

Kasoro ipo, na wanafunzi wangu wa kike huisema kabla yangu. Hazel na wenzake wanafika kilimani Watership Down, wanachimba makao, ndipo wanapokumbuka kwamba hawana majike! Adams naye hawapi majike nafasi ya kutosha. Hyzenthlay ni miongoni mwa majike walioomba ruhusa ya kuhama Efrafa wakanyimwa, tena kabla Bigwig hajafika kuwatorosha. Yule alistahili sura zake mwenyewe, na kila nikiirudia riwaya hii namtafuta yeye kwanza.