Safu Iliyopotea Ukutani: Kuunganisha Projekta kwa xrandr

Mwezi uliopita niliitwa katika ukumbi mmoja wa Langoni, hapa Lamu, ambako kikundi cha akina mama kilikuwa kikisomewa hesabu za akiba ukutani kwa projekta. Picha ilikuwa safi, lakini safu ya mwisho ya jedwali, ile ya jumla ya kila mwanachama, haikuonekana. Mwekahazina aliiona kwenye kioo cha laptopu yake ilhali wenzake hawakuiona, na katika mambo ya fedha jambo hilo ni zito.

Laptopu ile hutumia Linux, na fundi aliyetangulia alikuwa amemwachia amri hii ya xrandr, programu ya kupanga vioo na projekta, ambamo VGA-1 ni tundu la projekta na LVDS-1 ni kioo cha laptopu:

xrandr --output VGA-1 --auto --same-as LVDS-1

Amri hiyo si mbaya, ila haijakamilika. Kioo cha laptopu kilikuwa na upana wa pikseli 1366 na kimo cha 768, na projekta ilikuwa na 1024 kwa 768. Kwa kuwa --same-as hupanga picha mbili zianzie pembe moja ya juu kushoto bila kubadili ukubwa wa yoyote, projekta iliishiwa na nafasi kabla ya picha kwisha, na pikseli 342 za upande wa kulia, ambamo jumla zote zilikuwamo, zikakosa pa kuonekana.

Kabla ya kugusa chochote niliandika xrandr peke yake, na ndivyo ninavyomsihi kila mtu aanze. Orodha inayotokea hutaja kila tundu na kama limeunganishwa. Chini yake huwekwa ukubwa wa picha unaowezekana, wenye nyota ukiwa ndio unaotumika na wenye alama ya kujumlisha ukiwa ndio unaopendelewa na kifaa chenyewe. Majina ya matundu hutofautiana kati ya mashine na mashine, kwa hiyo yasome kwenye orodha yako, usiyanakili kwangu. Kisha nikaandika:

xrandr --output VGA-1 --mode 1024x768 --scale-from 1366x768 --same-as LVDS-1

Sasa picha nzima ya laptopu inabanwa iingie ndani ya projekta. Herufi hupungua upana kwa takriban robo, lakini jumla zilirudi na zilisomeka hata kutoka viti vya nyuma.

Tatizo la pili nililikuta Shela, nalo lilinichukua muda mrefu zaidi. Projekta ya 1280 kwa 800 ilitambuliwa, lakini orodha iliishia 1024 kwa 768. Kwa kawaida projekta huituma laptopu maelezo yake, yaitwayo EDID, ambayo sehemu yake ya msingi ni baiti 128, na katika waya wa VGA maelezo hayo hupitia pini ya 12 na ya 15. Nilipoimulika plagi kwa tochi ya simu, pini ya 12 ilikuwa imevaa kutu ya kijani, kazi ya hewa ya chumvi. Rangi zina pini zake, ndiyo maana picha ilipita huku maelezo yakikwama.

Waya mwingine haukuwapo jioni ile, hivyo nikaiomba programu ya cvt, kwa amri cvt 1280 800, inikokotolee vipimo vya picha, nikavisajili mwenyewe:

xrandr --newmode "1280x800_60.00" 83.50 1280 1352 1480 1680 800 803 809 831 -hsync +vsync
xrandr --addmode VGA-1 1280x800_60.00
xrandr --output VGA-1 --mode 1280x800_60.00

Haya yote ni ya X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha picha kwenye Linux. Penye Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi yake, xrandr haipangi vioo. Watumiaji wa mazingira ya Sway wana programu ya wlr-randr, na wa mazingira ya KDE wana kscreen-doctor. Tena, vipimo vilivyosajiliwa hivi hufutika laptopu inapozimwa, kwa hiyo mistari ile mitatu niliiweka katika faili la .xprofile la mwenye mashine, isomwe kila anapoingia, hadi atakapopata waya mpya.