Asidi Amino na Misuli: Yanayosemwa Jimu na Ukweli Wake

"Kunywa BCAA, misuli itajaa." Dhana hii ndiyo inayowamalizia watu pesa kuliko zote, kwa hiyo naanza nayo. Asidi amino ni vipande vinavyounda protini, na BCAA, inayouzwa kama poda ya kopo, ni tatu kati yake: leusini, isoleusini na valini. Misuli haijengwi kwa tatu. Inahitaji zote 9 ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Leusini kazi yake ni kupiga kengele ili ujenzi uanze. Haya, kengele imelia, matofali yako wapi? Zile 6 zilizobaki zisipotoka kwenye chakula, mwili huzichota kwenye misuli yako mwenyewe. Unabomoa ukuta huu ili ujenge ule.

Geuza kopo usome lebo. Kipimo cha gramu 5 chenye uwiano wa 2:1:1 (leusini sehemu mbili, zile nyingine moja moja) kina gramu 2.5 za leusini. Gramu 25 za protini ya maziwa hukupa leusini karibu kiasi hichohicho, na zile nyingine zote juu yake. Mayai, nyama na samaki ni vivyo hivyo. Maharage yakiliwa na nafaka hukamilishana. Ukipata gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, yaani gramu 112 kwa mtu wa kilo 70, BCAA haikuongezei misuli ya maana.

"Maumivu ya kesho yake ni asidi laktiki, na poda huiondoa." Hapana. Laktiki husafishwa ndani ya saa moja hivi. Kinachokufanya ushike ukuta ukishuka ngazi siku ya pili ni michubuko midogo mno ya nyuzi za misuli, pamoja na uvimbe unaoifuata. Baadhi ya tafiti zimeona BCAA ikipunguza maumivu hayo kidogo, na hilo nalikubali. Ila kuumwa kidogo si sawa na kupata nguvu.

"Usipokunywa protini ndani ya nusu saa baada ya mazoezi, zoezi limepotea." Misuli hubaki tayari kuitumia protini kwa saa 24 hivi baada ya mazoezi mazito. Oga kwanza, kisha ule bila papara.

Na glutamini, asidi amino nyingine inayouzwa kama poda? Mwili wenye afya huitengeneza wenyewe.

"Ni chakula tu, haidhuru." Kwa wengi ni kweli. Lakini wapo wanaozaliwa bila uwezo wa kuvunja asidi hizo tatu, na kwao zikirundikana hudhuru ubongo. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kabla hajafungua kopo. Mwanamichezo anayepimwa dawa zilizokatazwa naye achague poda iliyokaguliwa na maabara huru, kwa sababu zipo zilizokutwa na vitu ambavyo lebo haikuvitaja.